Mwanafunzi wa Nyamugari na Zamu Yake ya Kompyuta

Jina la Nyamugari lipo Gitega, na lipo pia Muyinga. Maisha ya kijana wa sekondari katika sehemu hizo mbili hayatofautiani sana: kuna kilima, kuna shamba la maharage na migomba, kuna njia ya udongo mwekundu, na mwisho wa njia kuna shule. Lakini siku hizi, katika shule kadha wa kadha za nchi yetu, kijana huyo anakuta somo ambalo wazazi wake hawakulisoma, nalo ni somo la kompyuta.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi ya somo hilo ilivyo, na jinsi inavyogongana na shughuli za kila siku za nyumbani. Tunafanya hivyo kwa sababu kikwazo chake kikubwa hakijaelezwa ipasavyo. Husemwa mara nyingi kwamba tatizo ni uhaba wa mashine. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni muda ambao mwanafunzi mmoja anaupata akiwa ameweka vidole vyake mwenyewe juu ya mashine.

Na tupige hesabu. Tuseme darasa lina wanafunzi 60, mashine zinazofanya kazi ni 10, na somo la vitendo lina dakika 120 kwa wiki. Kila mashine itazungukwa na wanafunzi 6, na kila mmoja, kama zamu zinafuatwa kwa haki, atapata dakika 20. Katika mwaka wa masomo wenye wiki 30, dakika hizo zinafikia 600, yaani muda wa saa 10 tu. Umeme ukikosekana wiki moja katika kila wiki tatu, hazibaki hata saa 7. Ndugu msomaji, hakuna fundi cherehani atakayemkabidhi mwanagenzi kitambaa cha mteja baada ya saa 7 za kukanyaga cherehani. Hata hivyo kijana huyu atafika mbele ya mtihani, na baada ya mtihani atafika mbele ya mwajiri, naye atahukumiwa kama wale waliokaa mbele ya mashine kila siku.

DAFTARI KWANZA

Ni dhahiri basi kwamba sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwenye daftari. Wako wanaocheka wakisikia kwamba kompyuta inafundishwa kwa chaki. Hawana sababu ya kucheka. Mambo yaliyo msingi wa elimu hii hayahitaji umeme. Mwanafunzi hujifunza kwamba mashine huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwamba 13 yetu huandikwa 1101, kwa kuwa ni 8 na 4 na 1 zikijumlishwa. Hujifunza kuvunja kazi katika hatua zinazofuatana, pasipo kuruka hata moja, kwa maana mashine haina busara ya kukisia kilichoachwa.

Tutoe mfano. Mwalimu anataka wastani wa alama tatu: 12, 9 na 15, kila moja juu ya 20. Mwanafunzi anaandika: jumlisha 12 na 9 na 15 gawanya kwa 3. Anafuata hatua kwa kalamu kama mashine ambavyo ingefuata, nayo hugawanya kabla ya kujumlisha. Basi 15 kwa 3 ni 5, ukijumlisha na 12 na 9 unapata 26. Alama 26 juu ya 20! Hapo ndipo anapotambua kwamba alisahau mabano. Akiyaweka, jumla ni 36, na wastani ni 12. Kosa hilo limegunduliwa kwa kalamu ya wino, bila kutumia hata wati moja ya umeme. Aliyeligundua nyumbani hatapoteza dakika zake 20 kulitafuta darasani.

Lakini daftari lina mpaka wake. Sisi tuliopitia mafunzo ya ukadeti tunajua kwamba mtu hufundishwa kwanza majina ya sehemu za bunduki, namna ya kuifungua, kuisafisha na kuifunga. Masomo hayo ni ya lazima. Pamoja na hayo, hakuna aliyepata kujua shabaha kwa kusoma daftari. Vidole vina elimu yao, na elimu hiyo hupatikana kwa kurudia.

LUGHA NNE KWA MASHINE MOJA

Jambo la pili linalokula dakika za mwanafunzi ni lugha. Nyumbani anasema Kirundi. Mwalimu anafundisha kwa Kifaransa. Programu iliyomo katika mashine, hasa kama mashine hiyo ilitolewa msaada kutoka ng’ambo, mara nyingi inasema Kiingereza. Sokoni, na hasa upande wa Muyinga ambako njia ya Kobero inatoka kuingia Tanzania, biashara hufanywa kwa Kiswahili.

Watu wengi hudhani hilo ni jambo dogo. Mwanafunzi ameandika katika daftari lake, kama alivyofundishwa, kwamba katika lahajedwali neno la kujumlisha ni SOMME. Analiandika, mashine inakataa. Programu ni ya Kiingereza, nayo inataka SUM. Vilevile kibodi ya Kifaransa huanza safu yake ya juu ya herufi kwa A na Z, na ile ya Kiingereza huanza kwa Q na W. Aliyezoea ya kwanza akikaa mbele ya pili hupata Q kila anapotafuta A. Dakika tano zimekwisha, na wenzake watano wanangoja nyuma yake.

Kiswahili kingeweza kusaidia hapa kuliko kinavyotumiwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Maneno kama kipanya na lahajedwali yamekwisha kuzoeleka kwa wengi. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa katika shule zetu. Mwalimu anayeeleza jambo gumu kwa Kirundi au Kiswahili, kisha akatoa istilahi yake ya Kifaransa na ya Kiingereza, hashushi hadhi ya somo. Anaokoa muda wa wanafunzi wake.

MAJI, KUNI NA ZAMU

Tumtazame sasa mwanafunzi akiwa nje ya darasa. Alfajiri kuna dumu la maji la kujaza kisimani. Jioni kuna kuni, kuna mbuzi wa kurudisha zizini, kuna maharage ya kuchambua. Giza likiingia, nyumba nyingi za vilimani hazina umeme. Makadirio ya miaka hii ya 2020 yanaonyesha kwamba katika kila Warundi 100, wenye umeme ni kama 10 hadi 12. Mazoezi ya kesho yatafanywa kwa mwanga wa koroboi au wa taa ndogo ya jua, ikiwa ilipata kuanikwa mchana.

Kazi hizo hazigawanywi sawa. Mara nyingi msichana ndiye anayechota maji na kusaidia jikoni kabla ya kwenda shule. Akichelewa robo saa, anakuta mashine imekwisha kuzungukwa, na aliyetangulia ndiye aliyeshika kipanya. Yeye huambiwa aandike matokeo, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Mwaka mzima unaweza kupita akiandika yale ambayo wengine wanayatenda. Kwake yeye, zile saa 10 tulizozihesabu zinaweza kuwa 3 au 2. Hapana budi tuseme wazi kwamba hilo si suala la uhaba wa mashine. Ni suala la zamu.

UMEME UNAKUJA, LAKINI

Jitihada za umeme zipo na zinaonekana. Mwaka 2021 mtambo wa jua wa Mubuga, katika eneo la Gitega, ulianza kutoa megawati 7.5. Maporomoko ya Rusumo kwenye mto Kagera yamejengewa mtambo wa megawati 80 ambao Burundi, Rwanda na Tanzania zinagawana. Lakini waya wa umeme ukifika shuleni haufundishi. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mashine zilizonunuliwa kwa hesabu za serikali kuleta hasara badala ya faida. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, lakini fundisho lake limebaki: mashine isiyo na watu walioandaliwa ni mzigo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo ambayo hayangoji bajeti kubwa. Kwanza, orodha ya zamu ibandikwe mlangoni mwa chumba cha kompyuta, yenye jina la kila mwanafunzi na dakika zake, na anayechelewa kwa sababu ya kazi za nyumbani asipoteze zamu yake bali isogezwe mbele. Pili, hakuna mwanafunzi akae mbele ya mashine pasipo kuonyesha zoezi lililokwisha kufanywa kwenye daftari. Tatu, chumba kifunguliwe Jumamosi alasiri, baada ya kazi za maendeleo, chini ya usimamizi wa mwalimu. Vyumba vingi hufungwa kwa kufuli kwa hofu ya wizi. Hofu hiyo ina msingi, lakini mashine iliyofungiwa mwaka mzima imekwisha kuibwa tayari. Nne, shule inayonunua mashine mpya ifikirie zile za mkononi. Kompyuta ya mezani na kioo chake huweza kula wati 100 na zaidi, hali ya mkononi huridhika na 30 hadi 60, tena ina betri yake wakati umeme unapokatika.

Saa mbili za kila Jumamosi, kwa hesabu ile ile ya mashine 10 na wanafunzi 60, zinampa kila mmoja dakika 20 zaidi kwa wiki. Hizo ni saa 10 nyingine kwa mwaka, yaani mara mbili ya alizokuwa nazo, bila ya kununua mashine hata moja. Kinachotakiwa ni mwalimu mwenye ufunguo, mkuu wa shule mwenye msimamo, na mzazi wa Nyamugari atakayekubali kwamba alasiri hiyo moja dumu la maji libebwe na kaka, ili dada naye apate kwenda kukaa mbele ya kibodi.