Karibu Shambani: Utangulizi wa Masimulizi ya Sayansi kutoka Masisi na Walikale

Ndizi za mama ziliiva kabla hazijakomaa. Mkungu ulikuwa bado mwembamba, lakini maganda yalishageuka manjano kana kwamba wakati wake umefika. Ukikata ndizi moja, ndani unakuta rangi ya kahawia kama kutu. Haifai kupikwa, haifai kukamuliwa kuwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nilikuwa mwaka wa sita wa shule ya msingi, kwenye mteremko ulio chini ya Kingi, Masisi, mashariki ya Kongo, na kila jioni nilitumwa kuhesabu migomba iliyoanza kulegeza majani.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema ni majivu ya volkano ya Nyamulagira yaliyoshuka na mvua. Mwingine alisema ni jicho la mtu. Mama hakubishana na yeyote. Alichukua panga, akaukata mgomba uliolegea peke yake, akaiacha mingine iliyotoka katika tunguu hilo hilo, kwa sababu, alisema, hii bado haijasema kitu. Kisha akaenda na panga lile lile kwenye mgomba mwingine mgonjwa, na njiani akapogoa majani makavu ya migomba mizima.

Baadaye akapita agronomu, kijana mwenye buti. Alisema kila mgomba unaoshikana na mgonjwa ung'olewe pamoja na tunguu, ufukiwe. Mama akalitazama shamba. Kung'oa tunguu moja kubwa ni kazi ya jembe ya asubuhi nzima, na baba hakuwepo. Akamwuliza kwa upole: "Na watoto watakula nini, mwanangu?" Hakung'oa. Kwa miezi mingi niliona haya kwa ajili yake, nikiamini kwamba ukaidi wake ndio unaotumaliza.

Ugonjwa ule ni mnyauko wa migomba, unaoletwa na bakteria wa jamii ya Xanthomonas. Jirani zetu wa Rwanda wanauita kirabiranya. Wanasayansi waliuandika kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, mmea ulio ndugu wa mgomba, na mwaka 1974 wakauandika kwenye mgomba wenyewe. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huo huo ukaonekana kwetu Masisi. Profesa Vigheri Ndungo wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, pamoja na wenzake, ndio walioeleza katika jarida la kisayansi mwaka 2006 kwamba ugonjwa umo Kongo, na mashamba waliyoyaeleza yalikuwa ya Masisi. Nilipolisoma andiko hilo nikiwa mtu mzima, ukurasa mmoja tu au mbili, nililia. Kwetu tulikuwa tumehesabu migomba ile ile, ila hatukuwa na pa kuandika hesabu.

Bakteria hao huingia kwa njia mbili kuu. Wadudu wanaofuata utamu wa ua dume, lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, huwabeba hadi kwenye vidonda vinavyobaki majani ya ua yanapodondoka. Ndiyo maana wakulima hufundishwa kulivunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara kichane cha mwisho kinapotokea, wala wasilikate kwa panga. Njia ya pili ni panga lenyewe. Ukikata mgomba mgonjwa, baada ya dakika chache utomvu wa manjano hutoka kwenye jeraha, na utomvu huo ni bakteria watupu. Ukilipeleka panga kwenye mgomba mzima, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Katika milima iliyopita mita 1,700 wadudu wabebaji ni wachache. Kwetu, basi, panga ndilo lililokuwa mdudu mkubwa.

Mama alikuwa amekosea, na alikosea kwa njia iliyotugharimu. Lakini sikiliza upande wa pili. Amri ya kung'oa kila kitu ilishindwa mahali pengi katika nchi za Maziwa Makuu, kwa sababu wakulima wengi walijibu kama yeye, wengine kwa maneno, wengi kwa kunyamaza tu na kuendelea. Watafiti walilazimika kurudi shambani kuuliza swali jingine: je, bakteria wakiingia mgomba mmoja, hufika kweli katika migomba yote ya tunguu hilo? Majaribio, yakiwemo yaliyofanywa huku mashariki ya Kongo, yalionyesha kwamba mara nyingi hawafiki, au hufika bila kuuangusha mmea. Ushauri ukabadilika: kata mgomba mgonjwa peke yake, usawa wa ardhi, mapema, tena na tena, ukiunguza panga kwenye moto kila baada ya mgomba. Jicho la mama lilikuwa limeona sawa: ile mingine ilikuwa haijasema kitu. Alichokosa ni moto.

Naanza na shamba hili ili nikuonyeshe mlango wa elimu ninayokukaribishia. Ni elimu ya masimulizi ya kweli kuhusu namna sayansi inavyomgusa mtu katika siku yake ya kawaida: anapolima, anapochota maji, anapougua, anapochimba, anapopika. Wapo wanaoifanya wakiwa wanahistoria, wengine ni wauguzi, wengine walimu wa biolojia wa shule za sekondari. Mimi nimeifanya miaka mingi nikiwa na daftari na kinasa sauti, na ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba bila masimulizi haya nusu ya sayansi ya nchi yetu haijaandikwa. Jarida linasema ugonjwa ulifika. Halisemi mtoto alihesabu migomba mingapi jioni, wala kwa nini mjane fulani hakutii.

Kuna simulizi moja ambayo neno lake limesafiri kuliko sisi sote. Kuanzia Sake, mji wa Masisi ulio kandokando ya Ziwa Kivu, hadi Goma, kuna mabonde madogo na nyufa katika mawe ya volkano ambamo mbuzi huingia asubuhi na hawatoki. Ndege huanguka humo. Mtu aliyejilaza humo alfajiri kukwepa upepo huweza kukutwa amekufa bila jeraha. Wazee waliita mahali hapo mazuku, nao watoto waliambiwa wasishuke kabla jua halijapanda. Wataalamu wa volkano walipokuja na vipimo vyao walikuta ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayopanda kutoka chini ya ardhi. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa tunayovuta, kwa hiyo hutuama bondeni kama maji. Usiku na alfajiri, upepo unapotulia, hujaa. Jua likipanda na upepo ukiamka, hupungua. Maana yake kanuni ya wazee ya kusubiri jua ilikuwa sahihi kwa saa yake na kwa sababu yake.

Leo ukifungua makala ya volkano iliyoandikwa Italia au Ubelgiji, utakuta neno mazuku limeandikwa hivyo hivyo, bila kutafsiriwa, hata makala yanapozungumzia nchi nyingine. Nafurahi kila ninapoliona. Lakini furaha hiyo haitoshi. Vita vilipowasukuma watu wa Masisi hadi kambi za Bulengo na pembezoni mwa Goma, walijenga vibanda juu ya mawe yale yale ya volkano, na wengi walitoka milimani ambako hakuna mazuku wala neno lake. Mama aliyekulia kati ya ng'ombe na nyasi atajuaje kwamba shimo lenye kivuli karibu na hema lake linaua? Hapo simulizi ya jirani aliyezaliwa Sake ni kinga kabisa. Nimemsikia bibi mmoja akiwafundisha wageni kushusha kibatari kwa kamba kabla ya kushuka wenyewe: moto ukizimika, rudi. Sijui somo la kemia lililo fupi na zuri kuliko hilo.

Walikale nitaipita haraka, ingawa ni kubwa, maana kuhusu madini yake yameandikwa mengi na yanayomhusu mchimbaji mwenyewe ni machache. Ninapomwuliza mchimbaji wa zamani wa mgodi wa Bisie, simwulizi bei. Namwomba anionyeshe jinsi alivyoosha mchanga. Huchukua beseni, akazungusha maji, na mikono inakumbuka yenyewe. Jiwe la kawaida lina uzito wa kama mara mbili na nusu ya maji ya ujazo ule ule. Kasiterite hukaribia mara saba. Mkono wake ulijua tofauti hiyo kabla hajasikia neno uzito mahususi. Bati linalotoka katika kasiterite ile huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, ndiyo maana hutumika kuunganisha vipande vya ndani ya redio na simu. Koltani ya Rubaya, upande wa Masisi, hutoa tantalamu, na kipande kidogo chake hutunza umeme ndani ya kifaa kidogo kuliko punje ya mchele. Mtu hupiga simu Rubaya kuuliza kama mwanawe ametoka shimoni salama, na sauti yake hupita katika vipande kama hivyo. Mambo hayo hayahitaji kupambwa. Yaandike yalivyo.

Simulizi nyingine ni ya damu. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaanzia upande wa Mangina na Beni, na mwaka uliofuata ikafika hata Pinga, Walikale. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Katikati ya msiba huo dawa nne zilijaribiwa kwa pamoja, na mnamo Agosti 2019 mbili zilionekana kuokoa zaidi. Moja ya hizo ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa Kikwit wakati ule. Yeye na wenzake waliwapa wagonjwa wanane damu ya waliopona, na saba wakaishi. Wengi duniani hawakukubali kwamba ni damu iliyowaponya. Ilichukua miaka zaidi ya ishirini kwa wazo hilo kurudi likiwa dawa katika chupa, na likarudi kwetu Kivu.

Waliopona huku waliitwa washindi. Baadhi yao, kwa kuwa miili yao ilishaijua Ebola, waliweza kuwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Ukitaka kumweleza mwanafunzi kinga ya mwili ni nini, anza na mwanamke aliyekaa usiku kucha amempakata mtoto asiye wake, kwa sababu yeye ndiye aliyeweza kumpakata bila kuogopa. Michoro ya chembe itafuata.

Sasa, ukitaka kuingia katika kazi hii, nikwambie ninavyofanya. Sianzi na swali la unaamini nini. Mtu akiulizwa imani yake hujibu anachodhani unataka kusikia, hasa ukiwa umekuja na gari. Nauliza: ulishika nini? Saa ngapi? Ulikuwa na nani? Kisha ulifanya nini? Naomba niione zana. Panga, beseni, kibatari, kitambaa cha kuchujia maziwa ya jibini kule Masisi: vitu hivi humkumbusha mtu mambo ambayo maneno yameyasahau. Na simrekebishi mtu akiwa katikati ya simulizi. Mzee akisema ugonjwa uliletwa na majivu, naandika majivu. Huenda si kweli kwa migomba, lakini moshi wa volkano zetu hutia floridi katika maji ya mvua, na meno ya kahawia ya watoto wanaoishi chini yake ni ushahidi ambao hakuna haja ya kubishana nao. Mtu anayeyashuku majivu ana sababu, hata akilitaja shamba lisilohusika.

Na lazima kosa liandikwe. Masimulizi yanayomfanya mkulima awe na hekima daima yananichosha, sawa na yale yanayomfanya mtaalamu awe mkombozi daima. Agronomu wetu alikuwa sahihi kuhusu hatari na hakuwa sahihi kuhusu dawa. Mama alikuwa sahihi kuhusu migomba na hakuwa sahihi kuhusu panga. Ukifuta upande mmoja, simulizi imekufa, na atakayeisoma miaka thelathini ijayo hatapata cha kujifunza.

Jambo la mwisho ni ruhusa. Watu wa Masisi wamehojiwa mno: kambini, vizuizini, hospitalini. Simulizi ya mtu ni mali yake. Rudi umsomee ulichoandika, kwa lugha yake, umwache afute.

Nilifanya hivyo kwa mama. Nilimsomea kurasa za mwanzo za utangulizi huu tukiwa tumekaa nje, yeye akimenya maharage. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye moto, akanyanyua mkono nisimame. Akaniuliza kama hao watafiti wanajua kwamba panga likiunguzwa kila siku linakuwa laini, makali hayakai, na kulinoa kila asubuhi ni kazi juu ya kazi. Nilisema sikuliona hilo katika makala. Akaingia ndani akarudi na mapanga mawili. Moja limekuwa jeusi, makali yake yameliwa. Hilo ni la migomba, na hulala nje karibu na mafiga. La pili linang'aa, hulitundika juu ya mlango, halijawahi kugusa moto wala mgomba.

"Andika na hilo," alisema, akarudi kwenye maharage yake.