Bunduki Moja kwa Pofu na Mbogo

Mwaka 1975 kampuni ya Holland & Holland ya London iliuza bunduki ambayo ilisema ndiyo ya mwisho ya kaliba .600 Nitro Express. Baadaye Mmarekani mmoja, mkusanyaji wa silaha, akaja na fedha zake akitaka nyingine. Haikuwezekana, kwa kuwa mteja wa kwanza alikwisha kuahidiwa kuwa yake ni ya mwisho. Ndipo ikabuniwa .700, mwaka 1988. Risasi yake ina uzito wa gramu 65 hivi, na bunduki yenyewe inapita kilo 8. Katika ukoo wa Nitro Express hakuna kubwa kuliko hiyo. Kwa mwindaji wa kawaida haina kazi: nani ataibeba kutwa nzima nyuma ya nyayo za mbogo?

Ukitaka ndogo kuliko zote, nenda Kanada. Mei 1953, karibu na Slave Lake katika jimbo la Alberta, mama mmoja wa kabila la Cree, Bella Twin, mwenye umri wa miaka 63, alimuua dubu aina ya grizzly kwa kibunduki cha .22 cha risasi moja moja, kile cha kupigia sungura. Fuvu la dubu huyo liliandikwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyojulikana duniani wakati huo. Mama hakwenda kumtafuta. Dubu alimkaribia mno, naye akamlenga kichwani, kisha akaendelea kumpiga hata baada ya kuanguka ili awe na hakika.

Afrika Mashariki ina wake pia. W.D.M. Bell, Mskoti aliyeitwa Karamojo kutokana na Karamoja ya kaskazini mwa Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa kaliba ndogo ya milimita 7, ambayo leo ungeambiwa ni ya swala. Siri yake ilikuwa fuvu: alilipasua kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande. Na meno ya tembo mazito kuliko yote yaliyorekodiwa, yenye kilo 103 na 97 hivi, yalitoka Kilimanjaro mwaka 1898 na kuuzwa Zanzibar kabla ya kufika jumba la makumbusho mjini London. Inasimuliwa kuwa aliyemwangusha tembo huyo alikuwa na gobore.

Lakini tusidanganyike na rekodi hizi. Waliojaribu vivyo hivyo wakakanyagwa hawamo vitabuni, wala wanyama waliokwenda kufia porini na jeraha. Ndiyo maana nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, zimeweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari kama tembo na nyati.

Taji la kaliba ya kazi nyingi naipa hiyo hiyo .375 Holland & Holland Magnum, iliyotoka mwaka 1912. Risasi yake ya kawaida ina gramu 19.4 na hutoka kwenye mtutu kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Inamtosha mbogo, na pofu wa mita 200 haimshindi. Mshindani wake ni .30-06 ya mwaka 1906, ambayo Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliileta Kenya mwaka 1909 katika safari ambayo yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Haipigi bega sana, na risasi zake zinapatikana karibu kila penye duka la silaha. Kama leseni yako haitamgusa mbogo kamwe, usisumbuke na .375.

Kwa bei, bunduki za mitutu miwili za London zimejitenga kabisa. Mpya huweza kupita pauni 100,000. Kampuni ya Winchester ilijaribu kuwapa watu nguvu ya bunduki hizo kwa fedha kidogo ilipotoa .458 mwaka 1956, ndani ya bunduki ya kukoki kwa mkono. Wazo zuri, ila baruti ilishindiliwa mno ndani ya ganda fupi, na katika baadhi ya risasi za mwanzo baruti hiyo iligandamana, zikatoka bila nguvu, mbele ya mnyama asiye na subira. Tatizo hilo lilirekebishwa baadaye.

Anayebana matumizi atafute .375 iliyotumika, yenye mtindo wa Mauser wa mwaka 1898, ambao kucha lake hulishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini. CZ 550 ya Jamhuri ya Czech ni mfano mzuri. Haitengenezwi tena, ila zilizoko ni nyingi. Achungulie mtutu kama una kutu, akoki mara kadhaa kwa risasi za mazoezi, atazame kama kitako kina ufa nyuma ya chuma, mahali ambapo teke la .375 huanzia kupasua mbao. Kabla ya kulipa, aulize pia duka lake lina risasi ngapi za kaliba hiyo, na fedha inayobaki aitumie kwa risasi za kulenga shabaha.