Faili limehamishwa, mfumo unasema limefutwa: Jinsi GLib ilivyomaliza mkanganyiko

Ukipakua picha kwenye kompyuta yenye Ubuntu huku folda ya vipakuliwa ikiwa wazi, picha hiyo inajitokeza yenyewe. Hubonyezi kitu, wala hulazimiki kufunga folda na kuifungua upya. Nyuma ya pazia, kuna programu imepewa taarifa kwamba folda imeguswa.

Kazi hiyo inaitwa ufuatiliaji wa mabadiliko ya mafaili. Inatumika kwenye programu zinazosawazisha mafaili yako na intaneti, kwenye vicheza muziki vinavyoongeza wimbo mpya kwenye orodha, na hata ndani ya simu za Android. Ikienda sawa huioni kabisa. Ikikosea, gharama yake inaweza kuwa bando, chaji au faili lenyewe.

Mwaka 2015 maktaba ya programu inayoitwa GLib ilirekebisha kazi hii, na njia iliyotumika ni ya kushangaza kidogo: ilianza kusema wazi zaidi kile ilichokiona, na kupunguza kubahatisha.

Kwa nini programu isiangalie yenyewe?

Njia nyepesi ni programu kufungua folda kila baada ya sekunde chache na kulinganisha: lipi limeongezeka, lipi limepungua? Kwa mafaili kumi hakuna shida. Kwa mafaili 50,000, kompyuta inahangaika muda wote hata kama hakuna kilichobadilika, na betri inaisha bure.

Ndiyo maana kazi hii hupewa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Faili likiandikwa, likifutwa au likibadilishwa jina kwenye kompyuta hiyo, ombi hilo linapitia kwa kerneli. Kwa hiyo yenyewe inajua tayari. Programu inaiambia tu, "Folda hii ikiguswa nishtue," kisha inakaa kimya.

Linux ilianza na mfumo ulioitwa dnotify. Huo ulifuatilia folda tu, tena kwa kuishikilia folda ikiwa wazi. Matokeo yake, ukichomeka flashi na programu ikaanza kufuatilia folda iliyomo, mfumo ulikuwa unakataa kuitoa flashi kwa usalama.

Agosti 2005, Linux toleo la 2.6.13 lilitoka likiwa na mfumo mpya, inotify, uliotengenezwa na John McCutchan na Robert Love. Ndio unaotumika sana hadi leo. Simu za Android nazo zinautumia: kifaa ambacho Android inawapa watengenezaji wa programu kwa kazi hii, FileObserver, kimejengwa juu ya inotify.

GLib inaingia wapi?

Linux ina inotify, FreeBSD ina kqueue, Windows ina utaratibu wake. Mtengenezaji wa programu akitaka kuzihudumia zote, itabidi ajifunze lugha tatu.

GLib ipo katikati kama mkalimani. Ni maktaba ya msimbo iliyoandikwa kwa lugha ya C, na ni msingi wa GNOME, muonekano ambao watumiaji wengi wa Ubuntu wanauona kila siku. Tangu toleo la 2.16 la mwaka 2008, ndani yake kuna sehemu inayoitwa GIO inayoshughulikia mafaili, pamoja na kuyafuatilia.

Lakini mkalimani ana hatari moja. Akipokea sentensi nusu na kuimalizia kwa kichwa chake, msikilizaji hatajua ni nini kilisemwa kweli na nini kimeongezwa.

Kutoka getini si kufariki

Chukulia inotify kama mlinzi wa geti. Faili likihama kutoka folda moja kwenda nyingine, mlinzi wa geti la kwanza anasema, "Limetoka." Wa geti la pili anasema, "Limeingia." Taarifa hizo mbili zinapewa namba moja ya kuziunganisha.

Tatizo ni kwamba programu ikiwa inafuatilia folda moja tu, inapata nusu ya habari. Na hata inapofuatilia zote mbili, hakuna uhakika kwamba taarifa ya pili itafuata mara moja baada ya ya kwanza. Matukio mengine yanaweza kuingia katikati. Anayetaka kuziunganisha lazima asubiri kidogo, na hajui asubiri mpaka lini.

GLib ya zamani, kwa kawaida, ilitafsiri hali hii kwa maneno mawili: faili limefutwa, faili limeundwa. Yaani mtu akitoka getini anatangazwa amefariki, na akiingia geti la jirani anatangazwa amezaliwa.

Kwa programu inayoonyesha orodha ya mafaili, hilo si janga. Lakini chukulia programu ya kusawazisha. Umehamisha video ya GB 2 kutoka folda moja kwenda nyingine. Programu ikiambiwa "limefutwa", inaweza kuifuta nakala iliyoko kwenye seva. Ikiambiwa "limeundwa", inaanza kuipandisha upya, GB 2 nzima. Na kama intaneti ikikatika hapo katikati, kwa muda huo nakala ya akiba haipo.

Kulikuwa na chaguo la kuomba taarifa hizo mbili ziunganishwe kuwa moja inayosema "limehamishwa". Ila halikufanya kazi kwenye mifumo yote.

Nini kilibadilika mwaka 2015

Toleo la GLib 2.46, lililotoka Septemba 2015, lilileta chaguo jipya la kufuatilia uhamaji. Programu ikiliomba, inapata matukio matatu yanayoeleweka:

• Faili limebadilishwa jina ndani ya folda hiyo hiyo.
• Faili limeingia kutoka sehemu nyingine.
• Faili limetoka kwenda sehemu nyingine.

Cha muhimu ni kwamba tukio la kutoka linaweza kuja bila maelezo ya faili limeenda wapi. Kama GLib haijui, inaacha nafasi hiyo wazi. Haibuni jibu. Programu inayopokea inaelewa kwamba faili lipo mahali fulani, halijafa, na inaweza kuamua kusubiri kabla ya kufuta chochote.

Chaguo la zamani liliwekwa kando, na watengenezaji wakashauriwa kutumia jipya. Programu ambazo hazikuliomba ziliendelea kupata "limefutwa" na "limeundwa" kama zamani, ili zisiharibike ghafla baada ya watu kusasisha kompyuta zao.

Faili moja, kelele mia

Uhamaji si shida pekee. Faili kubwa likiwa linapakuliwa, linaandikwa vipande vipande, na kila kipande ni tukio. Programu ikishtuliwa kila mara, itashindwa kufanya kazi nyingine.

Kwa hilo GLib inapunguza kasi. Kwa kawaida haitumi taarifa za mabadiliko ya faili moja zikifuatana chini ya milisekunde 800. Mambo yakitulia, inatuma dokezo kwamba huenda hayo ndiyo yalikuwa mabadiliko ya mwisho. Angalia neno "huenda". Kerneli haiwezi kujua kama anayeandika amemaliza kweli au amepumzika tu.

Kuna mtego mwingine. Programu nyingi za kuandika, ukisevu, haziligusi faili la zamani. Zinaandika faili jipya pembeni, kisha zinalipa jina la lile la zamani. Inotify hufuata faili lenyewe, haifuati jina. Ukiliwekea mlinzi faili moja, baada ya kusevu mlinzi anabaki analinda kitu ambacho hakina jina tena. Ndiyo maana ni salama zaidi kulinda folda na kusikiliza jina unalolitaka.

Yasiyoweza kurekebishwa na maktaba

GLib haiwezi kutoa habari ambazo kerneli yenyewe haina. Mipaka hii bado ipo:

• Inotify haiingii kwenye folda za ndani. Kila folda inahitaji mlinzi wake. Folda mpya ikiundwa, faili linaweza kuingia kabla mlinzi hajawekwa.

• Idadi ya walinzi ina kikomo. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa 8,192 kwa kila mtumiaji. Tangu Linux 5.11 ya mwaka 2021, kinakadiriwa kulingana na memori ya kompyuta na kinaweza kufika 1,048,576.

• Foleni ya matukio inajaa. Kwa kawaida inabeba 16,384. Ikifurika, mengine yanatupwa, na programu inapewa ujumbe mmoja tu kwamba kuna yaliyopotea. Yapi? Haisemi. Dawa ni kukagua folda nzima upya.

• Folda iliyoko kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao ikibadilishwa huko huko, mlinzi wa kwako haoni.

Hii inakuhusu vipi?

Kwa anayetengeneza programu, taarifa ya mabadiliko ichukuliwe kama mtu anapobisha hodi. Unajua kuna mtu mlangoni, ila lazima ufungue uone ni nani. Kagua faili lenyewe kabla ya kufuta au kupandisha chochote. Na kwa wa Android, kuna onyo la ziada: FileObserver ikiondolewa kwenye memori kwa kuwa hakuna anayeishikilia, taarifa zinakoma bila hata kelele. Ishikilie muda wote unaoihitaji.

Kwa mtumiaji wa kawaida, ukihamisha maelfu ya picha kwa mkupuo, usiharakishe kufuta za mwanzo kwa sababu tu programu imeandika kwamba imemaliza. Ipe muda, kisha nenda upande wa pili ufungue picha chache, hasa za mwisho kuhamishwa. Kama hazifunguki au hazipo, za mwanzo bado unazo.