Tangi la maji likiisha kujengwa, tuulize nini?

Akina mama wenzangu, siku ya kuzindua tangi la maji huwa tunaitwa. Tunavaa vitenge vya sare, tunaimba, wakubwa wanakata utepe, robine ya kwanza inafunguliwa. Kufurahi ni haki yetu, maana katika mji huu wa Goma ni mama na binti zake wanaojua uzito wa bidoni. Lakini vikundi vyetu vingi vikiisha kupiga vigelegele havirudi tena pale kuuliza kitu. Hapo ndipo tunapopotezea maji yetu.

Goma haina mto. Tumejenga juu ya mawe ya volkano, na mvua ikinyesha maji yanazama katikati ya mawe. Kwa hiyo maji ya bomba yanatoka Ziwa Kivu: REGIDESO inayavuta kwa pompi, inayatia klore, inayapandisha hadi kwenye matangi yaliyo mahali pa juu, na kutoka huko yanateremka yenyewe hadi kwenye robine za mitaa. Mji wetu unapanda kadiri unavyoacha ziwa na kuelekea Nyiragongo. Pompi zikichoka, mitaa ya juu ndiyo inayokauka kwanza.

Sasa tufanye hesabu kidogo, mnisamehe, ni kazi yangu. Tangi kubwa la mita za ujazo 5,000 linabeba lita milioni 5, yaani bidoni 250,000 za lita 20. Inaonekana kama bahari. Lakini mtu mmoja akipewa lita 15 kwa siku, kiasi kinachohesabiwa kuwa cha chini hata wakati wa dharura, familia ya watu 7 inahitaji lita 105. Tangi hilo lote linatosha familia kama 47,000 kwa siku moja tu. Kesho yake ni tupu. Tangi ni kama tumbo: kujaa leo hakuzuii njaa ya kesho, na kinacholijaza ni pompi, na pompi inakula umeme.

Tumeyaona hayo kwa macho. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, lava ikafika hadi Buhene, ikaharibu tangi kubwa na mabomba. UNICEF ilitangaza kwamba karibu watu nusu milioni walibaki bila maji safi. Mwaka huo hasara ilikuwa ya moto, kila mtu aliielewa. Januari 2025 ilikuwa tofauti. Vita vilipoingia mjini umeme ulikatika, pompi zikanyamaza, na watu wakateremka na mabidoni hadi ziwani kuchota maji hivyo hivyo. Anayezindua tangi bila kusema umeme utatoka wapi siku ya shida ametuonyesha nusu ya kazi.

Halafu kuna klore. Mama wengi wanalalamika kwamba maji yananuka dawa, chai inaharibika. Mimi nakubali chai iharibike kidogo. Mji huu haujasahau Julai 1994, wakati kolera ilipoingia katika kambi za wakimbizi na maelfu kwa maelfu wakafa ndani ya wiki chache. Maji ya ziwa yanaonekana safi machoni, lakini mvua inateremsha kila kitu, na kwa sababu mwamba ni mgumu, vyoo vyetu vingi havina kina. Klore inahitaji kama dakika 30 kuua vijidudu, na maji yakiwa na tope inahitajika nyingi zaidi. Baada ya muda huo lazima ibaki kidogo ndani ya maji, ili bidoni ikiguswa na mkono mchafu njiani iendelee kulindwa. Kiasi kinachotakiwa kubaki ni kama miligramu 0.5 kwa lita, na robineni kisishuke chini ya 0.2.

Kupima si uchawi. Unachota maji katika kichupa, unatia kidonge kimoja, maji yanageuka rangi ya waridi, unalinganisha na rangi zilizochorwa pembeni. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba maji yalipimwa kwenye tangi. Yapimwe pale tunapoyanywa: kwenye robine ya mwisho ya mtaa, ile iliyo mbali kabisa, na matokeo yaandikwe kwenye ubao mbele ya watu. Kila kikundi kiwe na mama mmoja ndani ya komite ya maji ambaye kazi yake ni kuangalia ubao huo.

Bei nayo iandikwe papo hapo. Robine ikifungwa, bidoni inayoletwa kwa chukudu inapanda bei siku hiyo hiyo, na mwenye pesa kidogo ndiye anayerudi ziwani. Pesa za robine ni za kununua klore, kulipa umeme na kubadilisha vipuri. Komite ikishindwa kuonyesha daftari, tuliombe kwa upole, kisha tuliombe tena tukiwa wengi.

Nasema haya sasa kwa sababu upande wa magharibi wa mji, ambako watu wameongezeka sana, Msalaba Mwekundu wa Kimataifa (CICR) na REGIDESO wamekuwa na mradi mkubwa wa kuvuta maji ya ziwa, kuyahifadhi na kuyafikisha mitaani. Mama wa huko wana jambo moja la kudai ambalo halimo katika ramani ya fundi yeyote: saa. Robine inayofunguliwa saa moja asubuhi inachukua saa ya kwanza ya masomo ya msichana. Naona viti vyao vikiwa wazi, na ninajua wako wapi: wamesimama katika mstari. Ifunguliwe alfajiri mapema, au mchana wakitoka shule, na mama wa komite ndio waseme ni saa ngapi.