Herufi Nazo Hutoa Ushahidi

Ndugu mfanyakazi, ukipewa mkataba wa kurasa tatu husoma masharti na mshahara. Vema. Lakini tazama na herufi zenyewe. Mtu akibadilisha ukurasa wa kati baada ya sahihi kutiwa, aweza kuangalia maneno akasahau herufi.

Herufi nyingi za vitabu na barua zina vikono vidogo kwenye ncha zake, na kwa haraka zote huonekana ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Chukua Times New Roman, iliyoanza kutumika katika gazeti la The Times la London mwaka 1932, na Georgia, aliyoibuni Matthew Carter mwaka 1993 kwa ajili ya kompyuta. Anza na tarakimu. Zile za Times New Roman zina kimo kimoja, zote zimesimama juu ya mstari. Za Georgia hupanda na kushuka: 3, 4, 5, 7 na 9 huteremka chini ya mstari, 6 na 8 huchomoza juu. Kwa hiyo orodha ya mishahara ndipo pa kutazama kwanza.

Baskerville, kazi ya Birmingham ya karne ya 18, hujulikana kwa g ndogo: kitanzi chake cha chini hakikufungwa. Garamond ina e yenye jicho dogo. Kuna hata pacha: Times Roman ya Linotype na Times New Roman ya Monotype. Hapo tazama S kubwa. Vikono vya Monotype vimesimama wima, vya Linotype vimeinama. Macho ya kawaida hayatoshi, tafuta kioo cha kukuzia.

Mwezi Septemba 2004 televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha hati zenye tarehe za 1972 na 1973 juu ya utumishi wa kijeshi wa Rais George W. Bush. Watazamaji wakagutuka: i ilikuwa nyembamba na m pana, kama kitabuni, hali taipureta za kawaida za miaka ile zilizipa herufi zote nafasi sawa. Tena mpangilio ulifanana mno na Times New Roman ya kompyuta. Zilikuwako taipureta chache zenye uwezo huo wa nafasi, kwa hiyo mabishano yalikuwa makali. Mwezi huohuo CBS ilikiri kwamba haiwezi kuthibitisha hati zile.

Tahadhari, ndugu: herufi tofauti peke yake si wizi. Kompyuta isiyo na herufi fulani huweka nyingine badala yake. Ukiona tofauti, usigombane na karani. Chukua nakala uliyopewa siku ya kutia sahihi, mpelekee katibu wa tawi, mzilinganishe ukurasa kwa ukurasa. Na mkataba ujao, tia sahihi fupi chini ya kila ukurasa.