Mtoto Akikosea, Tumuulize Mbele ya Kumkaripia



Jioni moja nyumbani kwangu niligawa uji kwa watoto wawili. Nilipima kwa kopo moja, sawa kwa sawa. Mkubwa, wa miaka 9, nilimtilia katika kikombe kirefu chembamba. Mdogo, wa miaka 5, nilimtilia katika bakuli pana. Mara mdogo akaanza kulia: «Yaya umemupa mwingi, mimi kidogo!» Nikamwonyesha kopo, nikamweleza, akazidi kulia. Nilikuwa nimechoka na kazi ya siku nzima. Nikamchapa kofi na kumwita mlafi na mwongo.

Usiku, nikitayarisha somo la kesho, nilikumbuka yale tuliyosoma ISP, nikasikia haya. Mtoto hakusema uongo. Alisema kile macho yake yaliona. Na mimi, mwenye diploma ya kufundisha, nilimpiga juu ya hiyo.

Katika mji wa Neuchâtel, Uswisi, alizaliwa mwaka 1896 mtu mmoja jina lake Jean Piaget. Akiwa kijana alifanya kazi Paris, akiwapa watoto maulizo ya kupima akili. Kazi ilikuwa kuhesabu majibu mazuri. Lakini yeye aliyaangalia yale mabaya, akaona jambo: watoto wa umri mmoja wanakosea kwa namna moja. Basi kosa la mtoto si kichwa kitupu. Nyuma yake kuna mawazo. Mpaka kufa kwake mwaka 1980 aliendelea kuchunguza namna watoto wanavyowaza, hata watoto wake mwenyewe watatu.

Jaribuni nyumbani. Panga vifuniko vya chupa sita kwa mstari, na chini yake sita vingine, kimoja mbele ya kingine. Mtoto wa miaka 4 au 5 atakubali kwamba mistari yote miwili ni sawa. Sasa tanua mstari mmoja mbele ya macho yake, bila kuongeza kitu, kisha umuulize tena. Wengi watasema ule mrefu una vifuniko vingi zaidi. Ndiyo kusema anaangalia jambo moja tu, urefu, na nafasi iliyo katikati ya kifuniko na kifuniko haioni. Kwa uji ni vile vile: anaona kimo cha kikombe, anasahau upana wa bakuli. Tena hajaweza kurudisha nyuma katika mawazo, kusema: «Tukimimina tena katika kopo, utakuwa ule ule.» Karibu na miaka 7 watoto wengi wanaanza kufahamu. Ukimuuliza tena wakati huo, atakucheka.

Je, tukae tu tukingoja miaka ipite? Hapana. Katika miaka ya 1960 mwanamke Mmarekani, Patricia Greenfield, alifanya jaribio la maji huko Senegali, kwa watoto Wawolofu. Alipomimina yeye mwenyewe, watoto wengine ambao hawakusoma shule walisema maji yamebadilika kwa sababu ni yeye amemimina, kama kwamba mgeni ana uwezo wa ajabu. Alipowaachia kopo wamimine wenyewe, wengi zaidi walijibu vizuri. Mikono yao iliwasaidia kuwaza.

Na Mrusi mmoja, Lev Vygotsky, aliyezaliwa pia mwaka 1896 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1934, alifundisha hivi: kati ya kile mtoto anaweza peke yake na kile hawezi kabisa, kuna nafasi ya katikati. Ni kile anachoweza akisaidiwa. Leo pamoja na mkubwa, kesho peke yake. Sisi wamama tunaijua hiyo. Mtoto hajifunzi kusonga bugali siku moja. Kwanza anakushikia chungu, halafu anasonga na mkono wako juu ya mkono wake. Siku moja unachelewa sokoni, unafika na kukuta bugali iko tayari mezani.

Basi ona lililonipata shuleni. Mama mmoja alinijia mwisho wa trimesta na buletini ya mtoto wake wa mwaka wa kwanza. Alama za hesabu zilikuwa mbaya. Akasema mbele ya mtoto: «Huyu hana kichwa. Afazali feza ya daftari niiweke kwa mdogo wake, yeye anisaidie kuuza makala.» Sikubishana naye. Nilimuuliza mtoto: «Tano na tatu ni ngapi?» Akasema saba. Nikamwambia: «Nionyeshe umefanya namna gani.» Akainua vidole vitatu, akavihesabu kimoja kimoja: «Tano, sita, saba.»

Mnaona? Alijua kuhesabu. Kosa lake lilikuwa moja tu: ile tano aliihesabu mara mbili. Tulitia vipande vitano vya makala katika kopo, tukasema: «Hivi vimekwisha kuhesabiwa.» Kisha akaongeza kingine: «Sita.» Mara ya tatu alicheka mwenyewe, akasema: «Nane!» Mama yake alinyamaza kwa muda, kisha akasema: «Kumbe hakuna mtu aliyemuuliza.» Siwezi kusema kwamba leo huyo mtoto ni wa kwanza darasani. Alama zake bado ni za katikati. Lakini yuko darasani.

Wamama, katika vikundi vyetu tujaribu mambo haya matatu:

Mtoto akikosea, tumuulize kwanza: «Umejua namna gani?» Na tungoje ajibu.

Tumpe kitu mikononi: maharagi ya kuhesabu, maji ya kumimina, feza ya kurudisha akitumwa dukani.

Tumsaidie pale anapokwama tu, kisha tuondoe mkono. Na tusiseme mbele yake kwamba hana akili, kwa maana neno la mama linakaa moyoni.

Kesho yake asubuhi nilimwomba mdogo wangu wa miaka 5 msamaha, nikampa kopo. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayegawa uji. Sasa ni yaya yake analalamika.