Je, Wajua? Tone Moja la Anisi Latosha Kubadili Glasi ya Wiski

Kuna ukoo mdogo wa kokteli za Marekani unaosimama juu ya vitu vitatu: wiski, vermuti na anisi kidogo. Waldorf, iliyopata jina lake kutoka hoteli maarufu ya New York, ni mmoja wa ukoo huo. Mwingine ni Remember the Maine, ambayo huongezwa likeri ya cheri. Mwandishi Charles H. Baker aliichapisha mwaka 1939 akiikumbuka Havana ya machafuko ya 1933. Katika nyingi za kokteli hizi siku hizi, wiski humiminwa kama mililita 60 na vermuti kama nusu yake, lakini anisi, ambayo huja ndani ya pombe kali ya absinthi au pastisi, huhesabiwa kwa matone. Pengine huzungushwa tu ndani ya glasi tupu, ikalowesha kuta zake, kisha ikamwagwa. Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza huweza kudhani ni mbwembwe za mhudumu wa baa. Lakini uchache huo una sababu, na sababu yenyewe imo katika tabia ya molekuli moja iitwayo anetholi.

Anetholi ndiyo harufu ya anisi. Imo katika mbegu za anisi ya nchi za Mediterania, imo katika shamari, na imo katika anisi ya nyota, yale maganda magumu yenye ncha nane yatokayo kusini mwa China na Vietnam, ingawa mti wake hauna udugu wowote na mimea hiyo miwili. Ina ladha tamu, na kwa uzito uleule utamu wake huhesabiwa kuwa zaidi ya mara kumi ya ule wa sukari. Tena hupatana na pombe na kugombana na maji. Ndiyo maana pastisi, iliyo angavu chupani, hugeuka nyeupe kama maziwa mara tu inapotiwa maji: pombe inapozimuliwa, anetholi hushindwa kubaki imeyeyuka, ikajikusanya katika vitone vidogo mno vinavyotawanya mwanga.

Hapo hesabu inaanza kusema. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka pastisi iwe na gramu 1.5 hadi 2 za anetholi kwa lita. Tuchukue gramu 2. Mnywaji wa Marseille, Ufaransa, huzimua sehemu moja ya pastisi kwa sehemu tano za maji, hivyo glasi yake hubaki na takriban miligramu 330 kwa lita, nayo hutanda ukungu. Sasa tuiweke mililita moja tu ya pastisi hiyo, yaani miligramu 2 za anetholi, katika mililita 60 za wiski na 30 za vermuti. Barafu inayoyeyuka wakati wa kukoroga huongeza takriban mililita 30 za maji, na jumla inakuwa kama mililita 120. Tunapata karibu miligramu 17 kwa lita, yaani moja ya ishirini ya kilichomo katika glasi ya Marseille. Maji matupu yenye joto la kawaida yanaweza kuyeyusha takriban miligramu 100 kwa lita, na kokteli hii bado ina pombe zaidi ya robo ya ujazo wake. Kwa hiyo anetholi yote inabaki imeyeyuka na kinywaji kinabaki angavu, lakini pua inaipata.

Msomaji makini atauliza: kama ni kidogo hivyo, kwa nini isiachwe kabisa? Jibu liko katika vitu inavyokutana navyo. Wiski iliyokaa katika pipa la mwaloni hubeba yujenoli, molekuli ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, na yujenoli na anetholi ni za ukoo mmoja wa kikemia. Vermuti nayo ni divai iliyoongezwa pombe na kutiwa mitishamba, na mtishamba wake mkuu ni pakanga, jamaa ya mmea unaotoa artemisinini iliyomo katika dawa mseto ya malaria. Pakanga ni chungu, na harufu tamu ya anetholi huweza kuulainisha uchungu huo bila kuongeza sukari. Ni kweli kwamba udugu wa kikemia peke yake hauthibitishi kuwa ladha zitapatana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mapishi ya dunia ulionyesha kuwa wapishi wa nchi za Magharibi hupenda kuunganisha vyakula vinavyoshiriki molekuli, huku wa Asia ya Mashariki wakielekea kuviepuka. Kwa hiyo udugu na yujenoli ni dokezo tu. Uzito wa hoja uko kwenye harufu tamu inayokabili uchungu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka katika historia. Kitabu cha baa ya Waldorf cha miaka ya 1930 kiliagiza wiski, absinthi na vermuti kwa mafungu sawa, theluthi kwa theluthi. Je, wazee hao walikosea? Ladha ni mazoea, na hakuna wa kuwahukumu. Lakini glasi yao ilikuwa kinywaji cha absinthi kilichosindikizwa na wiski. Wachanganyaji wa leo wanaoipunguza hadi kijiko au chini yake wanatengeneza kitu kingine, ambamo anisi inafanya kazi ya karafuu katika pilau: punje chache hunyanyua sufuria nzima, konzi nzima huifuta ladha ya nyama.

Wapo pia wanaoikwepa absinthi wakiamini inatia wazimu. Sifa hiyo ilivuma mwaka 1905, mkulima Jean Lanfray alipoua familia yake nchini Uswisi. Watu waliilaumu absinthi, ingawa siku hiyo alikuwa amekunywa divai nyingi pia. Uswisi iliipiga marufuku mwaka 1910, Marekani 1912, Ufaransa 1915. Lawama iliangukia thujoni, kemikali ya pakanga, ambayo imo pia katika absinthi. Lakini watafiti walipopima chupa 13 za kabla ya marufuku, matokeo yao ya mwaka 2008 hayakuonyesha thujoni ya kutosha kueleza simulizi hizo. Kilichojaa mle ni pombe kali. Na pombe haipungui kwa sababu ya tone la anisi: mililita 60 za wiski ya asilimia 45 zina mililita 27 za pombe tupu, nazo ndizo za kuogopwa.

Kwa anayekunywa, au anayetaka tu kuelewa, kipimo ni chepesi. Glasi ikifika puani na anisi ikatangulia mbele ya nafaka na mwaloni, imezidi. Wiski ikitangulia, uchungu wa vermuti ukawa umetulia bila sababu inayoonekana, anetholi imefanya kazi yake, na miligramu mbili zimetosha.